Tom Mboya: Bwana Afya wa Jiji Aliyekuwa Waziri

Chanda chema huvikwa pete. Ndivyo walivyonena wahenga, nami sina sababu ya kuwapinga. Lakini hapa Nairobi kuna pete moja ambayo watu wameizoea mno hata wamekisahau kidole chenyewe. Makanga wa matatu huliita jina la Tom Mboya kutwa kucha, na abiria hushuka hapo wakakimbilia shughuli zao. Niliwauliza wenzangu watano wa kidato cha tatu Tom Mboya alikuwa nani. Wawili walisema ni barabara, mmoja akasema ni steji, wa nne akasema ni ile sanamu ya mjini. Wa tano ndiye aliyejua kwamba alikuwa mtu, tena mtu aliyeuawa. Hapo ndipo nilipoamua kuishika kalamu.

Msomaji mpendwa, keti kitako nikusimulie.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo karibu na Thika. Wazazi wake, Mzee Leonard Ndiege na Mama Marcella, walitoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, ila baba alikuwa mfanyakazi kwenye shamba la mkonge la Mzungu. Shamba lile lilikuwa kama ploti zetu za Riruta na Kawangware. Mlango huu Mkamba, ule Mkikuyu, wa tatu Mjaluo. Mtoto Odhiambo akakua akizungumza lugha za majirani pamoja na ya kwao, na Kiswahili juu yake. Ningependa uliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki: Kabaa kule Ukambani, kisha Yala kule Nyanza, na mwaka wa 1946 akaingia Mang'u. Mang'u ilikuwa shule ya wenye vichwa, naye kichwa alikuwa nacho. Kilichokosekana ni pesa. Baba alikuwa na watoto wengine wa kusomesha na mshahara wa shambani hautoshi kitu. Baada ya 1947 masomo yakaishia hapo. Wanafunzi wenzangu wa shule za kutwa, hii si hadithi ngeni kwetu. Tunajua maana ya kuitwa jina asubuhi kwenye gwaride, ukatoka na begi mgongoni ukarudi nyumbani kutafuta karo.

Hata hivyo, Mboya hakukaa kwenye kona ya mtaa akiwalaumu watu. Mwaka wa 1948 alijiunga na chuo cha kuwafunza wakaguzi wa afya kule Kabete, sio mbali na hapa kwetu. Huko hakulipa karo, bali alipewa posho kidogo. Wanafunzi wakamchagua kiongozi wao. Ukiangalia kwa makini utaona kwamba kila alipokwenda watu walimchagua.

Mwaka wa 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kama mkaguzi wa afya, yaani yule tunayemwita bwana afya. Jamani, jina hilo mtaani kwetu halipendwi! Mama yangu huuza chapati na ndengu kando ya barabara ya Naivasha, na ikisikika tu kwamba bwana afya anakuja na kanjo, sufuria zote hufunikwa na kila mtu hutafuta njia. Kumbe mmoja wa mashujaa wa nchi hii alianzia kazi hiyo hiyo ya kupima maziwa na kukagua mitaro.

Sasa hebu tuangalie Nairobi ya wakati huo. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha mwaka wa 1945. Maelfu ya vijana wetu walikuwa wamepigana hadi Burma chini ya bendera ya Mwingereza, wakarudi nyumbani wakakuta hakuna ardhi, hakuna kura, na mahoteli mazuri ni ya Wazungu peke yao. Nairobi ilipandishwa cheo ikawa jiji mwaka wa 1950, lakini mwenye ngozi nyeusi alikuwa mgeni ndani yake. Riruta na Kawangware hata hazikuwa ndani ya mipaka ya jiji. Mishahara nayo ilifuata rangi. Mboya alifanya kazi ileile ya mkaguzi Mzungu na kulipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake.

Kuna kisa ambacho yeye mwenyewe alikisimulia baadaye. Siku moja alikuwa peke yake ofisini, akaingia mama wa Kizungu na chupa ya maziwa aliyotaka ipimwe. Mama yule akatazama huku na huku, akamwona Mboya amesimama mbele yake, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote pale. Mboya akamwuliza kama macho yake yana kasoro. Yule mama alikasirika vibaya sana akaenda kushtaki. Mimi nilipokisoma kisa hiki nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kuwepo mahali na bado ukahesabiwa kwamba haupo, hilo ni tusi linalouma kuliko kofi.

Mboya akaanza kuwaunganisha wafanyakazi weusi wa Baraza la Jiji, na chama chao kikawa chama halisi cha wafanyakazi. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ikatangaza hali ya hatari. Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na mwaka wa 1953 chama cha KAU kikapigwa marufuku. Aprili 1954 ikaja ile Operesheni Anvil. Askari waliufunga mji, wakawazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu, wakawapeleka Langata, jirani na Kibera, na wengine Manyani. Vyama vya siasa havikuwepo tena. Sauti pekee iliyobaki halali ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi, na tangu 1953 katibu mkuu wa shirikisho lao alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu tu. Mwaka wa 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya aliteremka pwani, akawasihi warudi kazini, kisha akawapigania mezani hadi wakaongezwa mshahara.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1955 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, chuo cha wafanyakazi waliokosa nafasi ya kuendelea na shule. Na hapa, msomaji, tuvuke bahari kidogo, maana huko ndiko alikokwenda kuuona uso wa pili wa mkoloni. Uingereza ilikuwa imebadilika sana baada ya vita. Mwaka wa 1945 wananchi waliopigana walimwacha Churchill wakakichagua chama cha Leba chini ya Clement Attlee. Mwaka wa 1947 migodi ya makaa ya mawe ikawa mali ya umma, na mwaka wa 1948 matibabu yakawa bure kwa kila mtu, tajiri na maskini. Mfanyakazi aliweza kugoma, kupiga kura na kumtoa waziri mkuu madarakani. Bendera ilikuwa ile ile moja. Chini yake mchimba makaa wa Wales alitibiwa bure, na chini yake kuli wa Nairobi hakuwa hata na kura. Mboya aliona tofauti hiyo, na mwaka wa 1956 aliandika kijitabu kilichochapishwa huko huko Uingereza, akiwaeleza Waingereza shida ya Kenya na dawa yake. Mwaka huo huo akaenda Marekani kuzungumza na vyama vya wafanyakazi vya huko.

Aliporudi, mambo yalikwenda kasi. Machi 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Si wote waliopiga kura, maana masharti yalikuwa mengi, na Wakikuyu wengi walifungiwa nje. Viti vilikuwa vinane tu nchi nzima. Mboya alishinda cha Nairobi dhidi ya wakili Argwings-Kodhek. Yeye na wenzake, akina Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, wakakataa kuchukua uwaziri wa kutuliza midomo. Desemba 1958 akaongoza mkutano mkuu wa watu wa Afrika kule Accra, Ghana, akiwa na miaka 28. Si mchezo!

Lakini kwangu mimi, kazi iliyo tamu kuliko zote ni ile ya ndege. Zamani mwanafunzi aliyekwenda ng'ambo alipanda meli Mombasa na kukaa majini majuma kadhaa. Tena mkoloni alitoa nafasi chache mno. Mboya akaenda Marekani, akahutubia vyuo, akaonekana kwenye televisheni, akaomba nafasi za masomo. Marafiki wa huko, miongoni mwao mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, wakachangisha nauli. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka wa 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na kufikia 1963 wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda. Msichana mmoja wa Nyeri aliyekwenda mwaka wa 1960 aliitwa Wangari. Ndiye Profesa Wangari Maathai aliyetuzwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004. Kijana aliyekosa karo Mang'u aliwatafutia karo mamia ya wenzake, wala hakuwachagua kwa kabila.

Nchi nayo haikumsahau. Mwaka wa 1961 aligombea Nairobi Mashariki, ambako wapigakura wengi walikuwa Wakikuyu, na mpinzani wake alikuwa Mkikuyu, Daktari Munyua Waiyaki, mtu wa heshima zake. Mjaluo Mboya akashinda kwa kura nyingi ajabu. Watu walitazama kazi, hawakutazama jina.

Alikuwa katibu mkuu wa KANU tangu 1960. Mwaka wa 1962 alimwoa Pamela Odede, na mwaka huo akawa Waziri wa Leba, akasimamia mkataba kati ya serikali, waajiri na wafanyakazi wa kutatua migogoro kwa mazungumzo kabla ya mgomo. Baadaye akawa Waziri wa Sheria, kisha wa Mipango ya Uchumi.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, kwa hivyo sitasema alikuwa malaika. Mpango wake wa uchumi wa 1965 ulielekeza pesa nyingi kwenye sehemu zilizokuwa tayari na mvua, ardhi nzuri na barabara, ili zizae haraka. Kaskazini ya nchi ikaachwa nyuma, na mpaka leo wakazi wake wanalia. Tena mwaka wa 1966 alishiriki kuupanga mkutano wa Limuru uliomng'oa Jaramogi Oginga Odinga kutoka cheo chake chamani. Waliomtumia kumwondoa Jaramogi walikuwa wakimwogopa yeye pia, kwa kuwa Mzee Kenyatta alikuwa amezeeka na macho yote yalikuwa kwenye kiti.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba mchana, Mboya alitoka kwenye duka la dawa katika Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Risasi zikalia. Alikuwa bado hajatimiza miaka 39. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwaka huo huo. Kama alitumwa, aliyemtuma hakufikishwa mahakamani kamwe.

Na hapo, wenzangu, ndipo ufa ulipopanuka. Watu waliokuwa wamempigia kura pamoja wakaanza kutazamana kwa majina. Ghasia zilizuka siku ya ibada ya wafu Nairobi. Oktoba 1969 watu walipigwa risasi Kisumu, na chama cha KPU cha Jaramogi kikapigwa marufuku. Ufa ule haukuzibwa vizuri. Wazazi wetu wanasimulia jinsi Kibera ilivyoungua mapema 2008, na jinsi familia zilivyohama ploti usiku, huku Kawangware, huku Kibera, kwa sababu ya jina tu. Mwaka wa 2017 moshi ulipanda tena Kawangware. Mimi mwenyewe nina rafiki ambaye hataki jina lake la pili liitwe kwa sauti siku za uchaguzi. Ana miaka kumi na sita, na tayari amejifunza kujificha ndani ya mtaa aliozaliwa.

Ndiyo maana ninasema Mboya asibaki kuwa steji. Waliomjengea sanamu mwaka wa 2011 walifanya vyema, lakini sanamu haizungumzi. Sisi tunazungumza, na Kiswahili ndiyo lugha ambayo kila mlango wa ploti unaielewa. Mwenzako akifukuzwa karo, msiishie kumpa pole. Chama chetu kichange hata shilingi kumi kumi, kwani haba na haba hujaza kibaba. Na uchaguzi ukija, mtu asiulize rafiki yangu ni wa wapi. Aulize amefanya nini.

Kalamu yangu imechoka, na mwalimu mlezi ameniambia kurasa ni chache. Mola akitujalia, tutaonana katika toleo lijalo.