Bibi Titi Mohamed na mashabiki wa Bomba

Katika Kariakoo, Dar es Salaam, kuna Mtaa wa Kongo, na kuna msikiti unaoitwa Msikiti wa Manyema. Sisi wa Kasongo na Kabambare hatushangazwi na majina hayo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kupanda Kabambare hadi Kasongo kwa Tippu Tip, ilipitisha watu pande zote mbili. Kiswahili kilikuja kwetu kwa njia hiyo, na kwa njia hiyohiyo watu wetu walipelekwa pwani, wengi wao bila hiari. Wajukuu wao waliitwa Wamanyema, na baadhi yao wakawa wenye nyumba mjini Dar es Salaam tangu mapema. Kwa hiyo kumwandika mwimbaji wa mji ule katika jarida hili si kwenda ugenini sana.

Mwimbaji mwenyewe ni Bibi Titi Mohamed. Nianze na jina, maana msomaji wa Maniema anaweza kupotoka hapo. Kwetu bibi ni mke wa mtu. Ukisema bibi yangu, umemtaja mkeo. Pwani ni neno la heshima kwa mwanamke mzima, na kwa Titi lilishikamana na jina lake mpaka likawa sehemu yake. Huku angeitwa Mama Titi, basi.

Wengi wanamjua kwa siasa: mwanamke aliyesimama jukwaani pamoja na Nyerere, kisha akafungwa. Vitabu hutaja kikundi chake cha ngoma kwa sentensi moja au mbili, halafu hukimbilia chama. Mimi naona mambo yamepangwa kinyume. Bila Bomba, na bila ushindani wa Bomba na vikundi vingine, siasa yake haieleweki vizuri.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika nyumba ya Kiislamu. Alisoma madrasa. Baba yake hakupenda aende shule ya serikali, na alipofariki, mama ndiye aliyempeleka. Masomo hayakufika mbali. Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi aliozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri, akazaa mtoto wa kike, na ndoa ikavunjika. Hadi hapo maisha yake yanafanana na ya wasichana wengi wa mji ule. Kilichomtenga ni sauti. Aliimba katika Maulidi, na aliimba katika Bomba, akiwa kiongozi wa waimbaji.

Bomba kilikuwa kimoja kati ya vikundi vya wanawake vya Dar es Salaam vilivyofuata mtindo wa lelemama. Anayeijua ngoma ya pwani anajua kwamba lelemama haina vurugu: wanawake husimama safu, hutikisa mikono na vichwa kwa miondoko midogo, na macho ya watazamaji huenda kwenye mavazi kabla ya kwenda kwenye hatua za miguu. Kila kikundi kilikuwa na sare yake, vyeo vyake na michango yake. Mwanachama akifiwa, wenzake walikuja na sanda na chakula. Akioa mwanawe, walikuja kuimba. Anayetaka kuelewa jambo hilo Kasongo asiende mbali, aangalie kina mama wa likirimba siku ya arusi, kila kundi limeshona kikwembe cha rangi moja ili lionekane toka mwisho wa njia.

Majina ya vikundi ni somo peke yake. Mbali na Bomba kulikuwa na Submarine, Alwatan na British Empire. Wanawake wengi wao hawakusoma Kiingereza, lakini walichukua maneno ya wenye nguvu wakayavaa kama wanavyovaa hariri. Tabia hiyo ilikuwa ya zamani, tangu ngoma za beni za wanaume zilizoiga kofia na vyeo vya jeshi. Tuliosoma kuhusu ukopaji wa maneno tumezoea kuuliza neno limebadilikaje sauti. Hapa swali lenye faida ni nani alilichukua na alitaka kumwonyesha nani.

Aliyetakiwa kuonyeshwa ni kikundi cha pili, kwa sababu lelemama haichezwi bila mpinzani. Mombasa ndiyo mfano unaojulikana zaidi: Ibinaal Watan na Banu Saada walishindana kwa miaka mingi, kwa nguo, kwa karamu, kwa ng'ombe waliochinjwa, na zaidi ya yote kwa nyimbo. Marafiki walinuniana, wanaume walilalamika kwamba fedha za nyumbani zinaishia kwenye sare, na watu wa dini walikemea. Mashabiki hawakuwa watazamaji tu. Mume, kaka, jirani na muuza duka aliyekopesha vitambaa, kila mmoja alikuwa na upande, na upande ulirithiwa nyumbani kama jina la ukoo.

Nitakaa kidogo kwenye nyimbo, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi wa isimu anapopata chakula chake. Wimbo wa kijembe haumtaji mtu. Unamzungumzia ndege, au chombo kilichotoboka, au mgeni asiyejua kuaga. Mwimbaji akiulizwa atasema ameimba juu ya ndege. Ni wasikilizaji wanaoumalizia wimbo kwa kubishana: amelengwa fulani, hapana, amelengwa dada yake, na ile beti ya tatu inahusu deni la mwaka jana. Ugomvi wa mashabiki, kwa hiyo, ulikuwa ugomvi wa maana. Aliyelengwa akikasirika hadharani amekubali kwamba yeye ndiye ndege. Akinyamaza, kikundi chake kinaaibika. Njia ya heshima ni kujibu kwa fumbo jingine, na haraka, kabla jambo halijapoa. Darasani hufundishwa maana isiyosemwa kwa mifano ya mazungumzo ya Ulaya kuhusu chai na hali ya hewa. Mifano ya lelemama ina makali zaidi.

Mtu aliyepita shule hiyo akiwa mwimbaji kiongozi amejifunza mengi ambayo hayaandikwi kwenye cheti. Anajua kukusanya michango na kumkumbuka asiyetoa. Anaujua umati kwa masikio yake. Anaweza kusema jambo ambalo polisi akilisikia hataona neno la kumkamatia. Naomba tuyakumbuke hayo tunapofika mwaka 1955.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Titi, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa tena, alijiunga mapema. Mumewe Boi Selemani alipata kadi, naye pia. Mwaka uliofuata alifika John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza. Aliwauliza viongozi wa TANU walikuwa na sehemu gani ya wanawake. Walikuwa na wanaume. Wake za viongozi wenyewe walikuwa ndani, na hakuna aliyekuwa tayari kumtoa wake. Jina lililopatikana lilikuwa la mwimbaji wa Bomba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na simulizi iliyozoeleka, inayosema kwamba chama kilimpa Titi kazi naye akaifanya. Chama hakikuwa na cha kumpa. Yeye na wenzake kama Tatu binti Mzee waliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine. Tufikirie ugumu wake. Mwanamke wa Bomba anabisha hodi kwa wakubwa wa kikundi ambacho pengine mwezi uliopita kimeimbana na Bomba, na anataka waje na watu wao wote. Hawezi kuwaamuru. Hawezi pia kuwaambia waache sare zao na wawe kitu kimoja, maana wangemuuliza hicho kitu kimoja kitaongozwa na nani.

Kwa maoni yangu ustadi wake ulikuwa kuuacha ushindani ulivyo na kuugeuzia upande mwingine. Kila kikundi kilibaki na jina lake na vazi lake, na kilikuja uwanjani kama kikundi. Kiongozi aliyesikia kwamba wenzake wamekata kadi hakutaka kuonekana wa mwisho. Mkutano wa wanawake ulifanyika Julai 1955 katika ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja, na ilipofika Oktoba wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamejiunga. Hesabu hiyo haikupatikana kwa hotuba za mlango kwa mlango peke yake. Ilipatikana kwa sababu orodha zilikuwepo tayari, katika vichwa vya viongozi wa ngoma. Na sijui mwingine anaonaje, lakini mimi hufurahi kila nikiwaza wanawake wa kikundi kilichoitwa British Empire wakichanga senti zao ili ufalme huo uondoke.

Mombasa, wakati huohuo, mambo yalikwenda vingine. Wanawake waliotoka katika lelemama walianzisha vyama vya maendeleo katika miaka ya 1950, lakini walianzisha viwili, Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, na mpasuko wa zamani uliingia humo pamoja nao. Silisemi hili kuwabeza. Vyama hivyo viliwapa wanawake elimu na kazi. Nalisema kuonyesha kwamba ushindani wa mashabiki hauna mwelekeo wake wenyewe, na kwamba Dar es Salaam kulikuwa na mtu aliyeushika usukani.

Kuanzia hapo Titi alizunguka nchi. Alizungumza bila karatasi, kwa Kiswahili cha mitaa ya Dar es Salaam, katika mikutano ambayo wasikilizaji wengi walikuwa na lugha nyingine ya nyumbani. Wanaume wa serikali ya kikoloni walizoea kusikiliza hotuba ya siasa wakitafuta madai na vifungu. Yeye aliongea kama anayejibu wimbo. Waliomsikia hawakuhitaji kujua kusoma ili kuyabeba maneno yake hadi kijijini, maana yalikuwa yameshafungwa kwa namna inayobebeka.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Aliingia bungeni na serikalini. Kuhusu miaka hiyo sina mengi ya kusema, na nadhani hata yeye hakuwa mahali pake penye nguvu. Jumuiya moja ya taifa haina kikundi cha pili cha kujibizana nacho. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha; yeye alikuwa nazo, na alijiuzulu. Watu wamemlaumu kwa hilo. Ila kwa mwanamke wa mjini aliyeachika akiwa kijana, nyumba ya kupangisha ndiyo ilikuwa pensheni yake, na sioni ajabu kwamba aligoma kuiachia.

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri, na maofisa wa jeshi, kwa shtaka la uhaini. Oscar Kambona, aliyetajwa kuwa mkuu wa njama, alikuwa London. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970. Titi alikana, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 aliachiwa kwa msamaha wa rais. Akiwa gerezani mumewe alimwacha.

Ukimya uliofuata ndio unaonisumbua kuliko kesi yenyewe. Mwanamke aliyekuwa na mashabiki tangu ujanani, wa kumshangilia na wa kumpinga, alirudi katika mji ambao watu walisita hata kumsalimia njiani. Katika lelemama anayeshindwa huimbwa, na kuimbwa kunamwachia nafasi ya kujibu. Titi hakuimbwa, na picha zake hazikuonekana tena kwenye sherehe za chama alichokijaza watu.

Hapa nawageukia wenzangu wa kitivo. Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu ngeli za Kiswahili cha Maniema, kiungwana kama wazee walivyokiita, na ni kazi nzuri. Lakini kina mama wa Kasongo na Kabambare wanaimba kila Jumamosi, wanajibizana, watu wanabishana wiki nzima fumbo lilimlenga nani, nasi tunapita na vinasa sauti vyetu tukitafuta viambishi. Waliomjua Titi wa Bomba wangeulizwa mapema juu ya nyimbo za kikundi, tungekuwa na mengi zaidi ya majina na sare.

Mwaka 1991, Tanzania ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, alitajwa tena hadharani miongoni mwa mashujaa wa nchi. Alikuwa na miaka 65. Alifariki Johannesburg, Afrika Kusini, tarehe 5 Novemba 2000. Barabara yenye jina lake inapita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, karibu na ukumbi ambao wanawake wa vikundi walikutana mwaka 1955.