Mwalimu Nyerere na kurejea kwa vyama vya ushirika

MWALIMU Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Makerere na Edinburgh, akafundisha, kisha mwaka 1954 akaongoza kuundwa kwa TANU. Wakulima wa pamba na kahawa, waliokwishajiunga katika vyama vyao vya ushirika, walikuwa miongoni mwa nguzo za harakati za uhuru.

Hata hivyo, Mei 1976 serikali yake ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, baada ya malalamiko ya wizi na uendeshaji mbovu. Kabla ya hapo, kuanzia 1972, ilikuwa imezivunja serikali za mitaa. Ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao. Mkulima aliyekuwa na hisa na sauti katika mkutano mkuu akabaki muuzaji tu, mara nyingi akisubiri malipo yake kwa muda mrefu.

Mwalimu hakung'ang'ania. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria za kurejesha ushirika na serikali za mitaa, na baadaye alikiri hadharani kwamba kuvifuta vyote viwili lilikuwa kosa. Aling'atuka urais mwaka 1985, akafariki dunia Oktoba 14, 1999.

Lakini kurejesha si sawa na kuendelea pale ulipoishia. Vyama vilirudi vikiwa dhaifu kimtaji na chini ya mkono wa chama tawala. Ni sheria ya mwaka 1991 iliyoelekeza ushirika urudi mikononi mwa wanachama. Kufuta kulihitaji amri moja. Kurudisha kulichukua miaka 15. Mwanachama anayekwepa mkutano mkuu akumbuke hilo.