Bill Wilson, Mlevi Aliyetibiwa kwa Fedha za Shemeji Yake

Nyumba yenye mlevi huwa na maswali mawili yasiyolala. La kwanza: tumpeleke wapi mgonjwa wetu? La pili: fedha za kumtibu zitatoka wapi? Wako wazazi waliouza ng'ombe au kipande cha shamba, wakampeleka kijana wao kwenye nyumba ya matibabu. Akarudi mzima na mwenye afya, na kabla mwezi haujaisha akaonekana tena kilabuni. Mwezi huu tunawasimulia wasomaji wetu maisha ya William Griffith Wilson wa Marekani, ambaye wengi humwita Bill W. Yeye na jamaa zake waliyapitia maswali hayo yote mawili, na jibu walilolipata limewafaa watu wengi duniani.

Wilson alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont. Wazazi wake walitengana angali mtoto. Baba akaenda zake mbali, na mama akaenda Boston kusomea utabibu. Bill na dada yake mdogo, Dorothy, wakalelewa na babu na bibi wazaa mama. Alipokuwa shuleni, msichana aliyempenda alikufa baada ya kupasuliwa hospitalini, na huzuni ile ikamwelemea kwa muda mrefu. Alikuwa kijana mrefu, mwenye akili nyingi, lakini mwenye haya mbele za watu.

Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika vita vikuu, Wilson alikuwa ofisa kijana wa kikosi cha mizinga. Katika karamu za wenyeji wa mji wa New Bedford alipewa pombe. Mara haya ikamtoka, akajiona mtu kama watu wengine, na hapo ndipo mtego ulipomnasa. Tarehe 24 Januari 1918 alimwoa Lois Burnham, binti wa daktari wa Brooklyn, kisha akavuka bahari kwenda vitani. Aliporudi alisoma sheria na kufanya kazi katika soko la hisa la New York. Alipata fedha nyingi, na kadiri fedha zilivyoongezeka ndivyo na pombe ilivyoongezeka. Oktoba 1929 soko lile likaanguka. Fedha zikapotea, pombe ikabaki. Mume na mke wakahamia nyumba ya wazazi wa Lois, namba 182 barabara ya Clinton, Brooklyn. Lois akafanya kazi katika duka kubwa la Macy's, na mshahara wake mdogo ndio uliowalisha.

Katika mji wa New York palikuwa na hospitali ya Charles Towns, iliyojulikana kwa kuwatibu walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Ilikuwa hospitali ya watu binafsi, na wengi waliolazwa humo walikuwa wenye mali. Wilson hakuwa na kitu. Aliyelipa ni shemeji yake, Daktari Leonard Strong, mume wa Dorothy. Kati ya mwaka 1933 na mwisho wa mwaka 1934 Wilson alilazwa huko mara nne.

Matibabu yenyewe yalikuwa ya siku chache. Mgonjwa alipewa dawa za kumtuliza, dawa za kumharisha na dawa ya mmea uitwao beladona, mpaka pombe imtoke mwilini. Tusiidharau kazi ile. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiachishwa kwa ghafula bila mganga huweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kushikwa na kifafa na hata kufa. Fedha za Daktari Strong hazikupotea bure, kwa maana zilimweka shemeji yake hai. Lakini hospitali ilipomaliza kazi yake ilimrudisha mtu yule yule katika mji ule ule, na njiani hakuna aliyetembea naye.

Humo hospitalini alikutana na Daktari William Silkworth, mtu mpole aliyewahurumia walevi. Yeye alifundisha kwamba ulevi ni ugonjwa, si tabia mbaya tu. Wilson alifarijika sana, akadhani kwamba kuujua ugonjwa ndiko kupona. Haikuwa hivyo. Akaanguka tena na tena, hata katika mwaka 1934 daktari akamweleza Lois kwamba mumewe atakufa au atapoteza akili, isipokuwa afungiwe mahali.

Mwishoni mwa Novemba mwaka huo alifika nyumbani kwao rafiki wa zamani, Ebby Thacher, mlevi mwenzake. Wilson alimkaribisha pombe mezani jikoni, naye akakataa. Thacher alikuwa karibu kufungwa na mahakama ya Vermont kwa sababu ya ulevi, lakini watu wa Kikundi cha Oxford, chama cha Wakristo wa siku zile, walisimama wakamwombea kwa hakimu. Sasa alikuwa akiishi katika nyumba ya misheni ya Kanisa la Calvary, mjini New York. Kanisa hilo ni la Episkopali, ndugu wa Kanisa letu la Anglikana huko Marekani, na kasisi wake alikuwa Samuel Shoemaker. Nyumba ile ilipokea watu waliookotwa barabarani.

Tarehe 11 Desemba 1934 Wilson alirudi hospitali ya Towns kwa mara ya mwisho. Siku chache baadaye, akiwa kitandani amekata tamaa kabisa, alimlilia Mungu, kama yuko, ajionyeshe. Alieleza baadaye kwamba chumba kilijaa nuru, na amani kubwa ikamwingia. Akaogopa kwamba amerukwa na akili, akamwuliza Silkworth. Daktari akamjibu kwamba hana wazimu, na chochote alichokipata akishike. Tangu siku hizo hakunywa tena kwa miaka thelathini na sita. Lakini Thacher, aliyemletea habari, alianguka mara nyingi katika miaka iliyofuata. Wilson hakumtupa hata mara moja.

Baada ya kutoka hospitalini Wilson alianza kuwatafuta walevi wengine ili awasaidie. Miezi mitano alihangaika, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Ila yeye mwenyewe alikuwa hajanywa.

Mwezi wa Mei 1935 alikwenda Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara, nayo ikaharibika. Siku ya Jumamosi, tarehe 11, alisimama katika hoteli ya Mayflower akiwa na dola zipatazo kumi tu mfukoni. Upande mmoja palikuwa na baa yenye vicheko, upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Akapiga simu kwa Kasisi Walter Tunks wa Kanisa la Episkopali la Mtakatifu Paulo. Kasisi yule hakumjua, na angeweza kumwambia aje ofisini Jumatatu. Badala yake alimsikiliza mgeni huyo, akampa majina ya watu wa kuwapigia. Kwa majina hayo Wilson alimfikia mama mmoja mcha Mungu, Henrietta Seiberling, naye kesho yake akamkutanisha na Daktari Robert Smith, mpasuaji ambaye pombe ilikuwa imemharibia kazi. Smith alikuwa amekubali kukaa dakika kumi na tano tu. Walizungumza karibu saa sita. Kwa mara ya kwanza alisikia habari za ulevi kutoka kwa mtu ambaye mwenyewe aliupitia. Tarehe 10 Juni 1935 huhesabiwa kuwa siku aliyokunywa mara ya mwisho, na ndiyo siku ya kuzaliwa kwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina, au kwa kifupi AA.

Sasa tuje kwenye habari ya fedha. Charles Towns alipoona walevi wanapona mikononi mwa Wilson, alimtaka aje hospitalini kufanya kazi hiyo kwa malipo, apewe chumba na fungu katika faida. Wilson alikuwa fukara, na Lois alichoka kwa kazi ya duka. Akapeleka jambo hilo kwa wenzake waliokutana nyumbani kwake, naye alitamani wakubali. Wakakataa. Waliona kwamba neno linalotoka kwa mlevi kwenda kwa mlevi mwenzake likianza kuuzwa litakosa nguvu. Wilson akatii.

Hata hivyo aliendelea kuota ndoto ya kujenga hospitali nyingi, na mwaka 1938, kwa njia ya shemeji yake Strong, ombi likamfikia tajiri John D. Rockefeller wa pili. Waliomba dola 50,000. Tajiri akatoa 5,000 tu, kwa kuwa aliogopa fedha zingeiharibu kazi njema. Sehemu ya fedha hizo ililipa deni la nyumba ya Daktari Smith. Mwaka uliofuata Wilson na Lois wakanyang'anywa nyumba ya Brooklyn kwa sababu ya deni, wakaishi kwa marafiki huku na huku karibu miaka miwili. Mwezi Februari 1940 Rockefeller aliwaalika wakubwa wengi wa New York kuja kusikia habari za chama, na mwanawe Nelson akawaambia kwamba kazi hii haihitaji fedha nyingi. Wilson alisikitika usiku ule. Baadaye alishukuru.

Tangu hapo AA wakajiwekea sheria: hakuna ada, na hakuna msaada wa kutoka nje. Wenye uwezo huweka kitu kidogo katika kikapu cha kulipia chumba na chai, na asiye na kitu huketi sawasawa na mwenye mali.

Walakini hawakuidharau hospitali. Mwaka 1939 Daktari Smith, pamoja na mtawa wa Kikatoliki, Sista Ignatia, walianza kuwalaza walevi katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, Akron. Mpaka Smith alipokufa mwaka 1950 walikuwa wamewahudumia watu wapatao 5,000, na yeye hakudai malipo ya udaktari. Mwaka 1951 Lois alisaidia kuanzisha Al-Anon, chama cha jamaa za walevi. Mwaka 1953, huko California, watumiaji wa dawa za kulevya wakaanzisha Narcotics Anonymous kwa kufuata hatua zile zile.

Wilson hakuwa malaika. Miaka mingi aliteswa na huzuni nzito, na sigara alishindwa kuziacha mpaka zilipomwua mapafu. Katika siku zake za mwisho alipokuwa mgonjwa sana aliwaomba wauguzi pombe, wala hakupewa. Ugonjwa ule ulikuwa umelala tu, haukuwa umekufa. Alifariki Miami tarehe 24 Januari 1971, siku ya kutimiza miaka 53 ya ndoa yake.

Leo AA ina watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya milioni mbili, pamoja na hapa Afrika ya Mashariki. Habari hii inatufundisha kuyagawa maswali yetu katika mafungu mawili. Matibabu ya siku za kwanza ni kazi ya mganga, nayo ina gharama. Kabla jamaa hawajauza shamba, na waulize kwanza hospitali ya serikali, na waulize pia nyumba ya matibabu nani atakuwa na mgonjwa siku atakapotoka. Fungu la pili ni miaka ile inayofuata, nalo halinunuliwi. Linataka kasisi anayejibu simu ya mtu asiyemjua, chumba cha parishi kilicho wazi jioni moja kila juma, na ndugu aliyewahi kuanguka aliye tayari kuketi na mwenzake. Hayo parishi maskini kuliko zote inaweza kuyatoa.