Mary Douglas: kutoka shule ya masista hadi kwa Walele wa Kasai

Katika misitu ya Walikale, kuanzia Hombo kuendelea ndani, wazee wa Kirega wanajua kwamba kakakuona, wanayemwita ikaga, si nyama ya kuuawa ovyo. Mtu aliyefanya heshima ya namna hiyo ijadiliwe katika vyuo vikuu vya dunia ni mwanamke Mwingereza, Mary Douglas, aliyejifunza habari zake kwa Walele wa Kasai.

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1921 mjini San Remo, Italia, akiitwa Mary Tew. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza huko Burma. Kwa hiyo Mary na mdogo wake walilelewa na babu na bibi, wazazi wa mama yao, mjini Totnes, Uingereza.

Alipokuwa na miaka 12, mama yake alifariki. Akapelekwa kusoma kwa masista wa Moyo Mtakatifu, Roehampton, London. Kule kila jambo lilikuwa na kanuni yake, na katika kanuni hizo msichana aliyefiwa alipata utulivu.

Mwaka 1939 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kusoma falsafa, siasa na uchumi. Wakati wa vita alifanya kazi katika wizara ya makoloni, London. Hapo alikutana na wataalamu wa antropolojia, na vita vilipokwisha akarudi Oxford kusomea elimu hiyo chini ya profesa Evans-Pritchard.

Mwaka 1949 alifika Kasai, katika Congo ya Wabelgiji. Walele walimweleza kwamba kakakuona ana magamba kama samaki, lakini anapanda miti, tena anazaa mtoto mmoja kama binadamu. Wanaume walioingizwa katika chama chake ndio pekee walioruhusiwa kumla. Wazungu wengi waliita mambo hayo ushirikina. Mwanafunzi wa masista aliona utaratibu wenye akili, na kitabu chake cha mwaka 1966, Purity and Danger, kilieleza kwamba hata Wazungu wana miiko yao.

Douglas alifariki tarehe 16 Mei 2007, akiwa na miaka 86. Mwaka 2016 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kakakuona. Katika misitu yetu, mwiko wa wazee ulikuwa umetangulia.