Bwana Johannes Rebmann wa Rabai

Wengi wamjua Bwana Rebmann kwa theluji ya Kilimanjaro, aliyoiona tarehe 11 Mei 1848, nao wataalamu wa Ulaya wakamcheka. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa Rabai, karibu na Mombasa, alikofika mwaka 1846, mzaliwa wa Württemberg. Wenziwe waliondoka, wengine wakafa. Mkewe alifariki mwaka 1866. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, na wahubiri wengi, nadhani, wangalivunjika moyo. Yeye akakaa na hao wachache, akiwafundisha na kuandika kamusi, hata akapofuka macho. Mwaka 1875 alirejea kwao, akiongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wale wa kwanza. Alifariki Korntal mwaka 1876. Isaac akarudi Rabai.