Mshona Viatu wa Banff

Thomas Edward alizaliwa mwaka 1814. Utotoni alifukuzwa shule mara tatu, kwa kuwa alichukua wadudu na wanyama darasani. Baadaye akawa mshona viatu katika mji wa Banff, Uskoti.

Mchana kutwa alishona viatu ili watoto wake wapate kula. Usiku alikwenda nyikani na vilimani kutafuta nondo na wadudu wengine. Hakuwa na vitabu vya kumfundisha majina yao, ila aliwatazama kwa bidii, akawapanga sandukuni. Siku moja alifungua masanduku, akaona panya wamewala wadudu karibu elfu moja, kazi ya miaka minne! Mkewe alimwuliza atafanya nini sasa. Akajibu kwamba atayajaza tena, akayajaza.

Mwaka 1846 deni lilimlemea, akauza mkusanyo wake wote kwa pauni 20 na shilingi 10. Hata hivyo akaanza tena, akaandika aliyoyaona. Mwaka 1866 wataalamu wa Chama cha Linnaeus, London, walimpokea, na mwaka 1876 Malkia Victoria akampa pauni 50 kila mwaka. Alikufa mwaka 1886.