Alitaka kufa mara mbili, akaishia kuinywesha dunia mtindi

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa anaijua hasara ya jioni. Maziwa ya asubuhi yamepata mnunuzi, ya jioni hayakupata gari, na kukipambazuka yameganda. Zamani maziwa ya aina hiyo yalihesabiwa kuwa mabaki: ya kunywa nyumbani au kumpa ndama. Leo mtindi ni bidhaa ya dukani, iliyofungashwa vizuri na kuuzwa kwa maneno mengi kuhusu afya ya tumbo.

Maneno hayo yana mwanzo wake. Kwa sehemu kubwa yalitoka kwa mtu mmoja, Elie Metchnikoff, ambaye hakuwa mfugaji wala mfanyabiashara. Kwa kuwa wasindikaji wetu wengi wanaishi kwa maneno hayo bila kumfahamu mwenyewe, leo tumtazame: alipatia wapi, alikosea wapi, na mwenye maziwa afanye nini.

Utoto na misukosuko

Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkiv, ambao leo uko Ukraine na wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi na mwenye ardhi. Kijana huyo alikuwa na haraka. Masomo ya chuo kikuu ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka miwili, akaenda Ujerumani na Italia kusomea viumbe vya baharini. Akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini tayari alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Odessa.

Maisha ya nyumbani hayakwenda vizuri. Mke wake wa kwanza, Ludmila, alikuwa na kifua kikuu kikali hata siku ya harusi, mwaka 1869, akabebwa kwenye kiti kuingizwa kanisani. Alifariki mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira. Metchnikoff, aliyekuwa pia na matatizo ya macho na ya moyo, alijaribu kujitoa uhai, akanusurika. Alioa tena mwaka 1875. Mke wa pili, Olga, alipougua homa ya matumbo mwaka 1880, alikata tamaa tena na kujidunga vimelea vya homa ya papasi. Aliugua sana, lakini akapona, na mkewe pia akapona.

Mtu huyo aliyeukaribisha umauti mara mbili ndiye aliyekuja kutumia miaka yake ya mwisho akitafuta jinsi binadamu anavyoweza kuishi miaka mingi zaidi.

Fangasi shambani, mwiba baharini

Wakulima wana sababu ya kumkumbuka hata kabla ya habari ya mtindi. Mwaka 1879 alichunguza mbawakavu waliokuwa wakiharibu ngano kusini mwa himaya ya Urusi. Aligundua aina ya fangasi inayowaua, akapendekeza itumike kama dawa. Jamii hiyo ya fangasi leo inaitwa Metarhizium. Mwaka 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilisaidia kunyunyizia dawa yenye fangasi wa jamii hiyo dhidi ya nzige wekundu hapa Tanzania, pamoja na maeneo ya Ziwa Rukwa.

Mwaka 1882 aliacha kazi Odessa kwa sababu ya vurugu za kisiasa zilizoingia chuoni baada ya Mfalme Alexander II kuuawa. Familia ilihamia Messina, katika kisiwa cha Sicily. Huko alichukua kichanga cha kiti cha pweza, ambacho mwili wake unapenya mwanga, akakichoma kwa mwiba wa waridi. Kesho yake aliona seli zimeuzunguka mwiba, zikijaribu kuumeza. Kutokana na hapo alieleza kuwa hata katika damu yetu zipo seli nyeupe zinazomeza vimelea vya magonjwa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908, pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Kati ya mambo hayo mawili alipata somo chungu. Mwaka 1886 alipewa kuongoza kituo cha chanjo mjini Odessa. Miaka miwili baadaye, chanjo ya kimeta iliyotolewa na kituo hicho iliua maelfu ya kondoo wa mfugaji mmoja mkubwa. Metchnikoff aliondoka mwaka huo huo, akaenda Paris, ambako Louis Pasteur alimpa maabara katika taasisi yake mpya. Alifanya kazi hapo hadi mwisho wa uhai wake.

Utumbo kama shamba

Huko Paris ndiko alikoanza kujiuliza kuhusu uzee. Hoja yake ilikuwa hii. Utumbo mpana umejaa bakteria. Baadhi yao huozesha mabaki ya chakula, hasa nyama na vyakula vingine vya protini, na kutoa sumu. Sumu hiyo ikiingia kwenye damu kidogo kidogo, mtu anazeeka mapema. Kwa maneno ya shambani, utumbo una magugu.

Dawa ya magugu aliiona kwenye maziwa. Nyama ikiachwa inaoza, lakini maziwa yakiachwa yanachacha, kwa sababu bakteria wake hutengeneza asidi inayowazuia wale wa kuozesha. Basi, aliwaza, tukiwapanda hao tumboni watawafukuza wengine. Alikuwa amesikia pia kuwa wakulima wa Bulgaria, wanaokula sana maziwa ya kuganda, wana wazee wengi. Mwaka 1905 mwanafunzi wa Kibulgaria, Stamen Grigorov, akiwa Geneva, alimtambua bakteria wa mtindi wa nchini kwao.

Mwaka 1904 Metchnikoff alitoa mhadhara wa hadhara mjini Paris kuhusu uzee, na mwaka 1907 akachapisha kitabu kuhusu kurefusha maisha. Magazeti yalibeba habari hiyo, na baada ya muda mfupi maziwa ya kuganda na vidonge vya bakteria vilikuwa vikiuzwa Ulaya na Marekani, mara nyingi kwa kutumia jina lake. Mwaka 1919 Isaac Carasso alianzisha kampuni ya Danone mjini Barcelona, na mtindi wake wa mwanzo uliuzwa katika maduka ya dawa.

Alipopatia, alipokosea

Mwenyewe alikunywa maziwa ya kuganda kila siku na hakula chakula kibichi. Alifariki Paris mwezi Julai 1916 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 71. Kwa mtu aliyeamini kuwa binadamu anaweza kuvuka miaka 100, watu waliona jambo hilo kuwa la aibu kwa mtindi.

Sayansi iliyofuata ilimsahihisha. Katika miaka ya 1920 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kuwa bakteria wa mtindi wa Bulgaria hawajengi makazi katika utumbo wa binadamu, hupita tu. Alikosea pia aliposema utumbo mpana hauna faida. Daktari mmoja mashuhuri wa upasuaji mjini London, Arbuthnot Lane, alifikia kuukata, na baadhi ya wagonjwa wake walikufa.

Lakini katika jambo kubwa alikuwa sahihi. Makadirio ya mwaka 2016 yanaonyesha kuwa mtu mzima ana bakteria takribani trilioni 38, dhidi ya seli zake mwenyewe trilioni 30. Walio wengi wanaishi katika utumbo huo huo aliouona hauna kazi. Wanavunja nyuzinyuzi za mboga, kunde na nafaka isiyokobolewa, na kutoa asidi zinazolisha kuta za utumbo. Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walichapisha jaribio ambamo wagonjwa wa kuhara sugu waliopandikizwa bakteria kutoka katika kinyesi cha watu wenye afya walipona kwa wingi kuliko waliopewa antibiotiki peke yake. Wazo la kubadili wakazi wa utumbo lilikuwa lake.

Somo kwa mwenye maziwa

Hapa kwetu wazo hilo lilifika hata mitaani. Katika miaka ya 2000, kikundi cha akina mama jijini Mwanza kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria maalumu kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada.

Anayetaka kufuata njia hiyo asiuze miujiza. Lililothibitishwa ni la kutosha: mtindi wenye bakteria hai huwasaidia watu wanaosumbuliwa na sukari ya maziwa kuimeng'enya, una protini na madini ya chokaa, na unadumu kuliko maziwa mabichi. Ukiandika kwenye pakiti kuwa unatibu kisukari au unaongeza umri, mteja atakuja kugundua, na hasara itampata pia jirani yako anayeuza kwa ukweli.

La pili ni usafi, na hapa Metchnikoff anastahili kusikilizwa neno kwa neno. Alisisitiza maziwa yachemshwe kwanza, kisha yapandwe bakteria safi. Maziwa yaliyoachwa yagande yenyewe bila kuchemshwa yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na asidi ya mtindi si kinga ya kutegemea. Chemsha, acha yapoe hadi kuwa ya vuguvugu, weka kimea safi, funika, kisha hifadhi mahali pa baridi.

Gharama yake ni kuni au mkaa kidogo na kijiko cha kimea. Lita zile za jioni zisizopata gari zitakuwa na bei asubuhi.